Dondoo muhimu: Pemba, kiwanda cha makonyo na miji ya pwani

Ukishuka melini Mkoani, usikawie bandarini; panda gari la Chake Chake moja kwa moja. Kiwanda cha makonyo (vikonyo vya karafuu) cha ZSTC, Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar, kipo Wawi, nje kidogo ya mji, na pua itakuelekeza kabla ya kibao.

Nenda asubuhi, siku ya kazi. Ijumaa mchana ni wakati wa sala. Omba ruhusa getini, vaa viatu vya kufunika na uliza kabla ya kupiga picha. Usiondoke bila kuona mafuta yanapojitenga na maji. Mvuke hupitishwa kwenye vikonyo vya karafuu, kisha hupozwa. Mafuta ya karafuu, kwa kuwa ni mazito kuliko maji, hutuama chini. Ya mchaichai, kinyume chake, huelea juu. Ukinunua chupa, ifunge vizuri, maana ikivuja begi zima litanukia karafuu hadi msimu ujao.

Kwenda Wete, mwambie dereva apite barabara ya zamani. Ina kona nyingi, lakini ndiyo nzuri. Wakati wa mavuno karafuu huanikwa kando ya njia, basi angalieni msizikanyage: hiyo ni ada ya shule ya mtoto wa mtu.

Fedha toa Chake. Mwezi wa Ramadhani usitegemee mgahawa mchana. Wanaotaka kuogelea waendelee kutoka Wete hadi ufukwe wa Vumawimbi kupitia msitu wa Ngezi, na wabebe maji na chakula chao.