Nyota za Usiku wa Julai katika Kasulu na Kibondo

Mwezi wa Julai ni mwezi mwema wa kutazama mbingu katika nchi ya Buha. Mvua zimekwisha koma, na moshi wa nyika zichomwazo moto haujawa mwingi kama utakavyokuwa Agosti na Septemba. Lakini usiku una baridi juu ya vilima vyetu. Basi msomaji atwae blanketi, azime taa, akae nje muda wa nusu saa kabla ya kusema kwamba haoni kitu. Macho hayazoei giza upesi. Naye akiwasha simu yake mara moja tu, kazi yote yaanza upya. Achague usiku usio na mwezi, kwa maana mwangaza wa mwezi hufuta nyota ndogo kama mvua ifutavyo nyayo.

Tukumbuke pia habari ya saa. Saa zetu ni zile zile za Dar es Salaam, bali jua halitii saa. Kasulu iko mbali magharibi, kwa hiyo jua huzama huku zaidi ya nusu saa baada ya kuzama pwani. Mwezi huu ni kama saa 1 ya usiku. Giza halitimii mpaka saa 2 na robo. Maneno yafuatayo ni ya saa 2 na nusu, katikati ya mwezi.

Watu husoma katika kitabu cha Ayubu, sura ya 9, majina ya Dubu, Orioni na Kilimia, pamoja na nyota za kusini, wakadhani kwamba ni nyota za nchi nyingine. Sivyo. Zote zaonekana hapa kwetu, tena katika usiku mmoja wa mwezi huu, ila mtu akubali kuamka kabla ya jogoo.

Tuanze na Dubu. Geukia kaskazini, kisha kidogo kushoto, upande wa Burundi. Utaona nyota saba kubwa: nne zafanya umbo la sanduku karibu na vilima, na tatu zafanya mkia uliopanda juu. Huyo ndiye Dubu Mkubwa, naye yuko karibu kushuka. Wazungu hutumia nyota mbili za sanduku lake kutafuta nyota ya kaskazini, ambayo wanamaji wao waliifuata miaka mingi. Sisi tukizifuata hizo mbili twafika chini ya ardhi, kwa kuwa tunakaa kusini ya ikweta, na nyota ile haipandi kwetu kamwe.

Sasa geuka nyuma kabisa, utazame kusini. Kwa walio Kasulu ni kuelekea bonde la Malagarasi. Kuume kidogo utauona Msalaba wa Kusini, umeinama kama mti uliosukumwa na upepo. Juu yake, upande wa kushoto, ziko nyota mbili zing'aazo sana zinazouelekea. Iliyo mbali zaidi na Msalaba huitwa Alfa ya Kentauri, na kundi lake ndilo jirani wa karibu kuliko yote wa jua letu. Hata hivyo nuru yake husafiri miaka zaidi ya 4 kabla ya kufika. Mtoto aliyezaliwa siku nuru hii ilipotoka, leo anakimbia na kuuliza maswali.

Msalaba huo wafaa msafiri. Pima mti wake mrefu, toka kichwa hata mguu, urefushe mara 4 na nusu kupita mguuni. Utafika mahali pasipo nyota kubwa, juu ya upeo kwa vidole vitatu tu vya mkono ulionyoshwa. Hapo ndipo kusini halisi, nazo nyota zote zazunguka mahali hapo. Mtu wa Ulaya ya kaskazini hauoni Msalaba huu maisha yake yote, asiposafiri. Mtu wa Cape Town naye hamwoni Dubu mzima. Sisi twawaona wote wawili kwa kugeuza shingo, wala hatulipi nauli.

Juu upande wa kusini-mashariki yuko Nge, na umbo lake lapatana na jina: kichwa, kifua chenye nyota nyekundu, na mkia uliopindwa. Nyota nyekundu ni Antares, nayo ni kubwa hata kama ingewekwa mahali pa jua, dunia yetu ingekuwa ndani yake. Kati ya Nge na Msalaba yapita Njia Nyeupe, ambayo ni nyota nyingi mno zisizotengeka kwa macho. Karibu na Msalaba pana doa jeusi. Wengine hudhani ni tundu. Kumbe ni wingu la vumbi lililosimama mbele ya nyota na kuzificha.

Ukiona nuru itembeayo polepole bila sauti wala kumetameta, ikapita mbingu yote kwa dakika chache, usiogope wala usitangaze ishara. Ni chombo cha wanadamu kizungukacho dunia. Vya namna hiyo vimekuwako tangu 1957, na siku hizi ni vingi.

Sasa lala, uamke saa 11 alfajiri. Kaskazini-mashariki utaona kifungu kidogo cha nyota, sita au saba kwa macho mema, zimesongamana kama vifaranga. Ndicho Kilimia. Wafasiri wa Biblia hawakutafuta neno geni; walitwaa jina la wakulima, litokalo katika kulima. Nuru yake imesafiri miaka zaidi ya 400. Ilitoka huko karibu na siku zile Wareno walipoanza ngome yao ya Mombasa, mwaka 1593.

Wazee wa pwani husema kwamba Kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, na kwetu pia ni kweli. Mwanzo wa Mei hutoweka jioni upande wa magharibi, mvua zikiwa za mwisho. Katikati ya Juni hurudi alfajiri, nchi ikiwa kavu. Tangu hapo huchomoza mapema zaidi kila siku kwa dakika 4, yaani saa 2 kwa mwezi. Katikati ya Oktoba huchomoza saa 3 na dakika 20 usiku. Mwisho wa Novemba giza likiingia kiko tayari mashariki, na majembe yako shambani.

Hapa lazima tuseme wazi, kwa maana mbegu ni mali. Kilimia hakileti mvua. Huonyesha mwezi wa mwaka, basi, kama kalenda ya ukutani. Mvua yaweza kutangulia au kuchelewa majuma kadhaa, lakini nyota haiwezi. Tena manyunyu ya kwanza hudanganya: mkulima hupanda mahindi na maharagwe yote, kisha jua huwaka majuma mawili, na watoto hukosa chakula na mbegu pamoja. Nyota ikuambie kutengeneza shamba. Udongo ndio ukuambie kupanda. Uchimbe kwa jembe, utazame unyevu umeshuka kiasi gani.

Kabla ya saa 12 Orioni naye huchomoza mashariki, amelala ubavuni, nyota tatu za mshipi wake zikiwa zimesimama wima. Mtazame upesi, kwa kuwa mapambazuko yaja.

Katekista mwenye daftari aandike siku aliyokiona Kilimia kikichomoza giza lilipoingia, na kando yake siku mvua ilipoloweza udongo wa shamba lake. Afanye hivyo mwaka huu na miaka mitano ijayo, naye awaonyeshe wakulima wa usharika wake tarehe hizo mbili zilivyopishana.