ELIYA CHINI YA MRETEMU
Somo juu ya kuwatunza watoto wetu walio katika shule za sekondari

Somo: 1 Wafalme 19:1–18. Lisomwe lote kabla ya kufundisha.



Kila mwaka, mwezi wa Januari, twawasindikiza watoto wetu waendao shule za sekondari. Sanduku la bati limefungwa, godoro limekunjwa, ndoo mpya imeandikwa jina. Wengi wao ni wale wale tuliowawekea mikono siku ya kipaimara. Twawaombea, twawaaga, nao wanakwenda. Warudipo likizo swali letu la kwanza ni hili: "Umekuwa wa ngapi?" Akiwa wa tatu twafurahi, akiwa wa arobaini twanuna. Ni mara chache twamwuliza mtoto, "Moyo wako u hali gani?"

Twaandika haya kwa sababu sisi wenyewe tulikosa. Miaka michache iliyopita kijana wa kidato cha tatu alitujia baada ya ibada, akasema kwamba usiku halali, na masomo hayamwingii tena. Sisi tulikuwa na haraka ya kwenda mtaa mwingine. Tukamwambia aongeze maombi na bidii, tukamwombea kwa ufupi, tukapanda pikipiki. Alikuwa hajamaliza maneno yake. Majuma matatu baadaye bibi yake alitujia akilia: kijana ameandika barua ya kuaga dunia. Twamshukuru Mungu kwamba mwenzake wa bwenini aliiona mapema, akamwita mwalimu wa zamu. Kijana yu hai mpaka leo, naye ametupa ruhusa kuyaeleza haya bila kumtaja jina. Lakini jambo lile halijatutoka moyoni. Alituletea mzigo wake, nasi tukamwongezea mwingine.

Basi mwezi huu tujifunze kwa Bwana mwenyewe, jinsi alivyomtunza mtu aliyechoka kuishi.

I. Nabii aliyeomba afe

Eliya alikuwa ametoka mlima Karmeli, mahali ambapo Bwana aliteremsha moto mbele ya watu wote. Mara akapata habari kwamba Yezebeli ameapa kumwua, akakimbia mpaka Beer-sheba. Hapo akamwacha mtumishi wake, akaingia jangwani peke yake mwendo wa siku moja, akaketi chini ya mretemu, akamwomba Mungu aitwae roho yake.

Angalieni sana: huyu si mtu asiye na imani, wala si mvivu. Ni nabii wa Bwana. Basi asiwepo kati yetu atakayesema kwamba kijana aliyelemewa na huzuni ni lazima awe amemwacha Mungu, au ana pepo, au anakwepa masomo. Imani haimgeuzi mtu kuwa jiwe.

Baba yetu Martin Luther naye aliijua sana giza hiyo. Mwaka 1530, akiwa katika ngome ya Coburg, alimwandikia Hieronymus Weller, kijana msomi aliyekaa nyumbani mwake huko Wittenberg na kuwafundisha watoto wake. Kijana huyo alikuwa akisumbuliwa na huzuni. Luther hakumkemea. Alimshauri aukimbie upweke, akae na watu, acheke na kucheza nao, tena akamweleza kwamba yeye mwenyewe alipitia hali hiyo katika ujana wake. Mwalimu mkuu wa Kanisa letu hakuona haya kusema, "Nami nilikuwa hivyo," wala sisi tusione haya.

II. Mizigo waichukuayo

Wazazi wengi hudhani kwamba mwanafunzi hana taabu, maana halimi wala hachungi. Lakini tuihesabu mizigo yake. Aliyesoma kwa Kiswahili katika shule ya msingi aingiapo kidato cha kwanza hukuta masomo karibu yote yafundishwa kwa Kiingereza. Yule aliyekuwa mwerevu jana, leo hawezi kuinua mkono. Mbele yake wako mitihani ya Taifa, wa kidato cha pili na wa kidato cha nne, na matokeo yatokapo husomwa na kijiji kizima katika simu. Wa bweni huamka gizani na kulala usiku sana. Wa kutwa wengine hutembea mwendo mrefu bila kula. Wengine hupangishiwa chumba karibu na shule, wakajipikia na kujitunza wakiwa bado watoto. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2016 Serikali iliondoa ada katika shule zake mpaka kidato cha nne, lakini sare, chakula na nauli zatafutwa bado, na mtoto huyasikia maneno ya baba na mama usiku.

Juu ya hayo wako wanaoonewa na wenzao, waliofiwa, na wasichana waliopata mimba. Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu wasichana hao warudi shuleni baada ya kujifungua. Lakini je, usharika umewaruhusu kurudi katika benchi lao bila kunong'onwa?

Shirika la Afya Ulimwenguni lasema kwamba kati ya kila vijana saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana ugonjwa wa akili wa namna fulani. Msidhani ni wazimu wa kuokota makopo barabarani. Wengi wana sonona, yaani huzuni isiyoondoka, au wana hofu isiyowapa nafasi ya kupumua. Mwalimu wa kipaimara mwenye watoto 28 na ahesabu: huenda wanne kati yao wauchukua mzigo huo, nao wanaimba pamoja na wengine.

III. Dalili za kuangaliwa

Wahenga walisema: Mficha maradhi, kilio humfichua. Lakini mtoto hafichi yote. Tumwangalie aliyekuwa mcheshi akawa kimya, asiyelala, au alalaye mchana kutwa, aachaye chakula, ajitengaye na rafiki, mwenye hasira mpya, ashukaye ghafula katika masomo, aumwaye kichwa au tumbo kila mara wala daktari haoni ugonjwa. Jambo moja kwa siku mbili si neno. Lakini yakiwa mengi, tena yakadumu majuma mawili au zaidi, tusingoje.

Na agawaye vitu vyake avipendavyo, au asemaye kwamba heri asingalizaliwa, huyo asiachwe peke yake hata saa moja. Mwulizeni waziwazi, kwa upole, kama anawaza kujiua. Wengi huogopa kwamba swali hilo litamtia wazo, sivyo. Madaktari wamethibitisha kwamba kuuliza hakumtii mtu wazo hilo, bali humfungulia mlango wa kusema. Ondoeni karibu naye dawa za kuulia wadudu na vidonge. Wala msimwahidi kwamba mtaificha siri hiyo, maana uhai wake ni mkubwa kuliko siri.

IV. Bwana alivyomtunza Eliya

Sasa tuutazame utaratibu wa Bwana, kwa maana ndio somo lenyewe.

Kwanza, alimpa usingizi na chakula. Malaika hakuja na hotuba. Alikuja na mkate uliookwa juu ya makaa na chupa ya maji. Eliya akala, akalala tena, akaamshwa akala mara ya pili, kwa kuwa safari ilikuwa kubwa kupita nguvu zake. Basi mtoto arudipo likizo, mwacheni alale siku mbili tatu kabla ya kumpa jembe na vitabu. Nasi wazee wa shule na wajumbe wa bodi, tusiyahesabu masaa ya usingizi kuwa uvivu, wala chakula cha mchana kuwa anasa.

Pili, alimwuliza akamsikiliza. Pale Horebu Bwana alimwuliza Eliya ana shughuli gani mahali pale, akamwacha aseme yote; tena akamwuliza mara ya pili, na Eliya akayarudia maneno yale yale. Bwana hakumkatiza, wala hakumwambia, "Umekwisha kusema hayo." Hivyo ndivyo asikilizwavyo mtu mwenye huzuni. Hapa ndipo sisi tulipokosa.

Tatu, alimtoa katika upweke. Eliya alidhani amesalia peke yake. Bwana akamwonyesha watu elfu saba, akampa Elisha awe pamoja naye. Kila usharika ulio karibu na shule uchague watu wazima wawili, mwanamume na mwanamke, wenye masikio kuliko midomo, wawatembelee wanafunzi kila mwezi. Na usharika alikotoka mtoto umwandikie barua au umpigie simu, bila kuuliza alama.

Nne, alimpa kazi iliyomfaa. Bwana hakumwona Eliya kuwa chombo kilichovunjika. Mtoto aliyeugua apewe tena nafasi yake katika kwaya na katika zamu ya kusoma Neno, nguvu zimrudiapo.

V. Sala na dawa havigombani

Malaika aliyetoka mbinguni alichukua mkate wa duniani. Tuwaombee watoto wetu bila kukoma, tena tuwapeleke zahanati au hospitali, kama tumpelekavyo mwenye malaria. Kanisa letu halikuanza jana katika kazi hii: Lutindi, katika milima ya Usambara, ilianzishwa mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na miaka michache baadaye ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili, nayo yaendelea kuwatunza. Baba zetu walijenga hospitali hiyo kwa sababu walijua kwamba akili nayo huugua, na kwamba hutibiwa. Tena iko simu ya kuwasaidia watoto, namba 116, isiyotozwa fedha. Iandikeni ukutani mwa kanisa na mwa bweni.

Maswali ya kujifunza pamoja

1. Kwa nini Bwana alimlisha Eliya kabla ya kusema naye?
2. Ni wanafunzi wangapi wa usharika wetu walio mbali na nyumbani, na ni nani ajuaye majina yao yote?
3. Mtoto akituambia leo kwamba amechoka kuishi, tutafanya nini kwanza, na tutamwita nani?
4. Ni neno gani tuliwahi kumwambia mtoto aliyelemewa, ambalo twapaswa kwenda kumwomba radhi?

Swali hilo la nne sisi tulilijibu kwanza. Tulikwenda kwa kijana yule na bibi yake, tukaketi, tukakiri kosa letu. Akatuandalia chai. Safari hii hatukuangalia saa.

Bwana aliyemwamsha Eliya awaamshe na watoto wetu, atupe mikono ya kuchukua mkate na maji. Amina.