Somo juu ya insulini, mjumbe wa sukari mwilini

Mama wapenzi, hapa Uvira kipindupindu munakijua sana. Mtoto anaharisha, anatapika, macho yanaingia ndani, na mkojo unapungua au unakosa kabisa, maana maji yote yametoka kwa kuharisha. Lakini kuna ugonjwa mwingine unaomkausha mtoto. Anakunywa maji bila kutosheka, anakojoa mchana na usiku. Yule aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani anaanza tena. Anakula bugali vizuri, na bado anakonda. Mara nyingine sisimizi wanakusanyika pale alipokojoa. Mtoto aliyekauka na bado anakojoa sana apimwe sukari siku ileile. Ni tone moja tu la damu ya kidole.

Je, sababu ni nini? Ndani ya tumbo, upande wa nyuma, kuna kiungo kinachoitwa kongosho. Tunapokula, kongosho linatuma mjumbe katika damu, jina lake insulini. Mjumbe huyo anapita akibisha mlango kila mahali mwilini: "Fungueni, sukari imefika!" Maana bugali, wali na ndizi, vyote vinageuka sukari tumboni. Mjumbe akikosa, sukari inabaki katika damu na kumwagika katika mkojo, ikivuta maji mengi. Mwili unalala njaa na chakula kiko mlangoni. Basi unaanza kuchoma mafuta yake wenyewe, na moshi wa moto huo, tuseme hivyo, ni sumu. Mtoto anatapika, tumbo linamuuma, anavuta pumzi ndefu na nzito, na pumzi yake inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Jirani watasema ni malaria, au amelogwa. Musiwasikilize hata kidogo: mleteni hospitali, hata usiku.

Zamani watoto hao walikufa wote. Mwaka 1921, katika mji wa Toronto, Kanada, muganga Frederick Banting na msaidizi wake Charles Best walifaulu kutoa insulini katika kongosho la wanyama. Mwezi wa kwanza 1922 kijana wa miaka 14, aliyekuwa karibu kufa, alichomwa sindano hiyo, naye akaishi miaka 13 tena.

Kwa miaka mingi dawa ilitoka kwa ng'ombe na nguruwe. Ndiyo maana mama mwingine Mwislamu anauliza, "Hii si ya nguruwe?" Ni swali la haki, nalo lina jibu. Insulini ni kama shanga 51 katika nyuzi mbili, uzi mmoja wa 21 na mwingine wa 30. Ya nguruwe inaachana na yetu kwa shanga moja tu, ya ng'ombe kwa tatu. Mwaka 1978 wataalamu wa Marekani walitengeneza yale maagizo ambayo mwili wa mtu unayafuata kwa kutunga shanga hizo, wakayatia ndani ya kijidudu cha namna ya wale wanaoishi matumboni mwetu. Kijidudu kikatii, kikatunga insulini ya mtu! Tangu 1982 inauzwa kama dawa. Viwanda vingine vinatumia hamira, ile ya kuumulia mkate. Dawa inasafishwa sana, vijidudu havibaki ndani. Kama chupa imeandikwa neno la Kifaransa *humaine*, maana yake ni insulini ya namna ya mtu. (Kwa njia hiyohiyo wanatengeneza wajumbe wengine wa mwili.)

Kwa nini sindano, si kidonge? Insulini ni ya jamaa moja na nyama, maharagi na ndagala: ukiimeza, tumbo litaisaga kama chakula. Majani machungu nayo hayawezi kukaa pahali pake. Mtoto ambaye kongosho lake limeacha kutuma mjumbe anahitaji sindano kila siku ya maisha yake. Akiugua na kukataa kula, musiache sindano kwa shauri lenu wenyewe. Njooni tuhesabu kipimo pamoja.

Tena tazameni namba. Chupa ya 100 inataka sindano ya 100. Sindano ya 40 itaharibu kipimo. Mtoto akitetemeka, akitoka jasho la baridi, au akisema ovyo, sukari imeshuka: mpeni upesi maji yenye sukari nyingi. Kama amezimia, musimtie kitu mdomoni, mkimbizeni kwetu.

Adui mwingine ni joto letu la kando ya ziwa. Chupa isiyofunguliwa ikae katika frigo, lakini si mahali pa barafu, maana ikiganda imeharibika. Kwa nyumba isiyo na frigo, au umeme ukikatika siku nyingi, chukueni chungu kidogo, mukiweke ndani ya chungu kikubwa, katikati mutie mchanga, muulowanishe asubuhi na jioni. Chupa iingie ndani ya mfuko usiopitisha maji, juu kitambaa chenye maji. Viwekwe kivulini penye upepo, mbali na mbabula. Wakati wa kiangazi chungu hupoza vizuri zaidi kuliko wakati wa mvua. Siku munapofungua chupa, andikeni tarehe juu yake. Baada ya majuma 4 isitumike tena. Na kila munapokuja kliniki, leteni chupa na sindano munazotumia, tuzitazame.