Polima Ndani ya Kidonge: Kwa Nini Vidonge Vingine Havisagwi

Mtu anapomeza kidonge cha parasetamoli cha miligramu 500 hamezi dawa tupu. Kidonge hicho kikiwekwa katika mizani ya maabara huonekana kuwa na uzito unaozidi miligramu 500, na ziada hiyo ni vitu visivyotuliza maumivu wala homa. Katika vidonge vyenye kipimo kidogo cha dawa, sehemu kubwa ya kidonge huwa ni vitu hivyo. Katika makala haya vinaitwa visaidizi, na vingi miongoni mwao ni polima. Jina hilo lisimpotoshe msomaji akadhani kuwa kazi yao ni ndogo.

Mwaka 1968, katika mji wa Brisbane nchini Australia, wagonjwa wa kifafa waliokuwa wakitumia dawa ya fenitoini walianza kuonyesha dalili za kuzidiwa na dawa, ingawa kipimo chao hakikuongezwa. Uchunguzi ulionyesha kwamba kilichobadilishwa ni kijazio tu: mahali pa salfeti ya kalsiamu palitiwa laktosi. Ile salfeti ilikuwa ikizuia sehemu ya fenitoini isifyonzwe mwilini. Ilipoondolewa, dawa nyingi zaidi ikaingia katika damu. Vitu hivyo viwili si polima, lakini tukio hilo lilidhihirisha kwamba kisaidizi chaweza kugeuza nguvu ya dawa.

Polima ni molekuli ndefu iliyofanyika kwa molekuli ndogo nyingi zilizoungana mfano wa shanga katika uzi. Wanga wa muhogo au wa mahindi ni polima ya glukosi. Selulosi ya pamba na ya mbao nayo ni polima ya glukosi, ila glukosi zake zimeungana kwa namna nyingine. Kwa tofauti hiyo moja tu, mwanadamu humeng'enya wanga na kushindwa kumeng'enya selulosi.

Wanga umetumika katika vidonge kwa muda mrefu, na hufanya kazi mbili zinazopingana. Ukipikwa ukawa uji mzito, hushikamanisha unga wa dawa kuwa chembechembe ambazo hukaushwa na kushindiliwa na mashine. Ukitiwa mkavu, hungoja ndani ya kidonge hadi kidonge kifike tumboni. Hapo hunyonya maji, huvimba, na kukipasua kidonge kutoka ndani. Bila mpasuko huo kidonge chaweza kupita mwilini kama kokoto. Ndiyo maana kanuni za ubora wa dawa za Uingereza hutaka kidonge cha kawaida kisicho na gamba kisambaratike ndani ya dakika 15 katika maji yenye joto la mwili. Siku hizi viwanda vingi hutumia selulosi iliyobadilishwa kikemia, kwa mfano kroskamelosi, ambayo hupasua kidonge kwa kasi kuliko wanga. Imo katika baadhi ya vidonge vya dawa mseto ya malaria, vyenye artemetha miligramu 20 na lumefantrini miligramu 120.

Ziko dawa ambazo hazifai kutoka tumboni. Omeprazoli huharibiwa na asidi ya tumbo kabla haijafyonzwa. Diklofenaki, kinyume chake, ndiyo inayoweza kulidhuru tumbo. Dawa za namna hii huvikwa gamba la polima yenye vikundi vingi vya –COOH. Mwanafunzi wa kemia ataitambua kanuni yake mara moja. Katika asidi kali ya tumbo vikundi hivyo hubaki na hidrojeni yake, havina chaji, na polima haiyeyuki. Dawa ikifika katika utumbo mwembamba, ambamo asidi imepungua na pH imepanda karibu na 6 au zaidi, vikundi hivyo hupoteza H⁺ na kuwa –COO⁻. Chaji hizo hasi husukumana, maji hupenya kati yake, na gamba lote huyeyuka. Gamba hilo hufunguliwa na pH peke yake, pasipo kimeng'enya chochote. Kiwandani hupimwa kwa kutumbukizwa kwa saa 2 katika asidi ya hidrokloriki ya 0.1 M, nalo halipaswi kupasuka.

Aina ya tatu ni kidonge cha kutoa dawa polepole. Humo dawa huchanganywa na hipromelosi, polima itokanayo na selulosi. Ikilowa hufanya utelezi mzito kama wa bamia kuzunguka kidonge, na dawa hulazimika kupenya utelezi huo kidogo kidogo kwa saa nyingi. Baadhi ya vidonge vya metfomini, dawa ya kisukari, hutengenezwa hivyo ili mgonjwa ameze mara moja kwa siku badala ya mara mbili au tatu.

Hatari iko hapa. Mzee anaposhindwa kumeza, jamaa zake huona ni huruma kumsagia kidonge katika kinu au kati ya vijiko viwili. Kikiwa cha kawaida, mara nyingi hapana madhara. Kikiwa cha polepole, utelezi hauna tena nafasi ya kufanyika, na dawa ya siku nzima huingia katika damu kwa muda mfupi. Kikiwa cha gamba, ulinzi wote huvunjika. Viko vichache vya polepole vyenye mstari wa kugawia nusu. Hata hivyo havisagwi. Kabla ya kusaga, aulizwe mfamasia.

Unyevu nao ni adui, hasa pwani. Polima ya kupasua haichagui kati ya maji ya tumboni na mvuke wa hewani, hivyo vidonge vikitolewa mapema katika karatasi yake hulegea na kumomonyoka.

Mwalimu aweza kuonyesha haya darasani. Tone la iodini juu ya kidonge kilichovunjwa hugeuka buluu-nyeusi ikiwa kina wanga. Vidonge viwili vya diklofenaki vyenye gamba vitiwe, kimoja katika siki, kingine katika maji ya vuguvugu yaliyokorogwa bikaboneti ya sodiamu, na wanafunzi waandike hali ya kila kimoja kila baada ya dakika 10. Vidonge vya jaribio visimezwe, na mwalimu avikusanye vyote kipindi kinapokwisha.