Ndege ya Nyuzi Mbili

Mtoto aliyekulia kando ya Ziwa Nyasa ajua vema kazi ya mshipi. Mshipi ukinyooka, mvuvi huhisi samaki akigusa chambo, naye aweza kumvuta. Ukilegea, mvuvi hana habari ya samaki, wala samaki hajali habari ya mvuvi. Katika somo hili tutajifunza kuunda ndege ndogo irukayo huku imefungwa kwa nyuzi mbili, nayo yafuata sheria ile ile. Tangu kukata bawa hata kuchagua uwanja, karibu kila jambo tutakalolifanya lina kusudi moja, nalo ni kwamba nyuzi zisilegee.

Ndege za namna hii zilienea kwanza huko Marekani. Zamani watu walioziunda ndege ndogo zenye injini waliziachilia tu hewani. Ndege ilikwenda itakako, na mwenyewe aliifuata mbio mashambani. Nyingine hazikuonekana tena. Katika miaka ya 1940 Jim Walker, mtu wa Portland katika jimbo la Oregon, aliwafundisha wengi njia nyingine: kusimama katikati ya uwanja, kushika mpini wenye nyuzi mbili, na kuifanya ndege izunguke pande zote kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Tofauti ni kwamba mbuzi huvuta kamba apendavyo, lakini ndege hii hupanda na kushuka kwa amri ya mkono.

Baadaye watu wakaanza kuichezesha. Katika miaka ya 1950 George Aldrich wa Texas alibuni ndege iitwayo Nobler, ambayo upana wa mabawa yake ni kama sentimita 127. Mpaka leo mafundi huiunda, na katika mashindano ya Marekani liko daraja la ndege za kale, yaani zile zilizobuniwa kabla ya mwaka 1970. Ndege hizo hupiga pete angani, huchora namba nane, hata kuruka tumbo likitazama juu. Hapo ndipo akili ya mrushaji hupimwa, kwa maana ndege ikiwa kichwa chini, amri ya kupanda huipeleka ardhini.

Haya, tupige hesabu. Tuseme toka katikati ya uwanja hata ndege ni mita 21, na ndege yamaliza mzunguko mmoja kwa sekunde 6. Njia yake ni 2 × 22/7 × 21, yaani mita 132. Basi kila sekunde hukimbia mita 22, nayo ni kama kilometa 79 kwa saa. Ndege yenye uzito wa kilo 1 na gramu 200, ikizunguka hivyo, huvuta mkono kwa nguvu ya karibu kilo 3. Mvuto huo si adui wa mrushaji. Ndio unaozinyosha nyuzi, na pasipo huo mkono hauwezi kusema neno na ndege.

Mabawa ya ndege hizo huundwa kwa balsa, mti mwepesi sana utokao Amerika ya Kusini. Mbavu zake zina umbo la mbasa atazamwaye kwa ubavu: nene mbele, nyembamba nyuma, tena sawasawa juu na chini, ili bawa liweze kuruka kifudifudi na chali. Juu ya mbavu hutandazwa karatasi nyepesi au hariri, kisha hupakwa dawa ya kuikaza. Injini yake ni ndogo, yaenea katika kiganja, nayo hunywa spiriti iitwayo methanoli iliyochanganywa na mafuta. Na mafuta yaliyosifiwa siku nyingi kwa kazi hiyo ni yale ya mbarika, mmea ule ule uotao nyuma ya nyumba zetu.

Sisi hatuna balsa, wala hatuhitaji injini. Ndege ya nyuzi yaweza pia kuvutwa kwa fimbo, na mkono wa mtoto ukawa ndio injini yake. Vifaa vyake vinapatikana Mbinga mjini, vilimani na pwani ya ziwa pia: mwanzi mkavu, mabua ya mahindi yaliyokauka, karatasi, kipande cha bati la kopo, kipande cha boksi, waya, mshipi wa nailoni, na unga wa muhogo kwa gundi.

Anza na mwili. Chonga ufito wa mwanzi wenye urefu wa sentimita 50, upana wa kidole chembamba, usiopinda. Kisha fanya mabawa. Chukua fito mbili nyembamba za mwanzi zenye sentimita 60, moja ya ukingo wa mbele na moja ya ukingo wa nyuma, na kati yao weka mbavu saba. Mbavu hizo zikate katika moyo wa bua la mahindi. Menya ganda, ubaki na ule ute mweupe mkavu ambao ni mwepesi kama sifongo. Upana wa bawa tangu mbele hata nyuma uwe sentimita 10. Juu mbavu ziwe na mgongo kidogo, chini ziwe bapa. Ndege yetu haitaruka chali. Bandika karatasi juu na chini kwa uji mzito wa muhogo, kisha ulaze bawa juu ya ubao ulionyooka, uligandamize kwa mawe madogo mpaka likauke. Usiliache juani peke yake. Bawa likipinda kama kigae cha chungu, ndege itageuka ubavu kila mara, na hakuna mkono utakaoiponya. Usiku liweke mahali pa juu, maana mende na panya hupenda sana gundi ya muhogo.

Funga bawa juu ya mwili, ukingo wake wa mbele ukiwa sentimita 12 toka puani. Bawa la kushoto ndilo litakalomtazama mrushaji, kwa kuwa ndege yetu huzunguka kuelekea kushoto kwake yenyewe. Lizidishe urefu huo wa kushoto kwa sentimita moja kuliko wa kulia. Kisha tundika gramu chache za uzito kwenye ncha ya bawa la kulia; chubwi ndogo ya mshipi yatosha. Wengi huuliza faida ya uzito huo. Nyuzi nazo zina uzito, nao hulivuta bawa la kushoto chini. Bawa hilo likilala, ndege humkaribia mrushaji, na nyuzi hulegea.

Mkia hukatwa kwa boksi jembamba, sentimita 22 kwa 8. Ukate katikati kwa urefu, upate vipande viwili. Cha mbele gundisha juu ya mwili kisicheze. Cha nyuma kiunge na cha mbele kwa vitambaa vyembamba vilivyobandikwa juu na chini kwa zamu, kama bawaba za mlango, ili kiweze kuinuka na kushuka bila kukwama. Hicho ndicho usukani. Juu ya mwili simamisha kipande kingine cha boksi, na ukingo wake wa nyuma uupinde kidogo kuelekea kulia, ili pua ya ndege itake daima kwenda nje ya duara.

Sasa twafika kwenye moyo wa kazi. Kata katika bati kipande chenye umbo la herufi T, ukisugue kingo zisikukate. Tukiite kiwiko, kwa sababu hugeuza mwendo kama kiwiko cha mkono. Toboa tundu katikati, ukipigilie chini ya mwili kwa msumari mdogo, chini ya bawa, hivi kwamba kizunguke bila kuyumba. Ncha mbili za kichwa cha T zielekee mbele na nyuma, zikiachana kwa sentimita 5. Mguu wake uelekee kulia. Katika ncha zile mbili funga nyuzi, uzipitishe chini ya bawa la kushoto, zitokee katika vitanzi viwili vya waya kwenye ncha ya bawa. Katika mguu wa T funga waya mgumu ulionyooka. Spoki kuukuu ya baiskeli yafaa mno, kwani urefu wake watosha karibu kabisa tangu kiwiko hata mkiani. Huko mkiani, chini ya usukani, gundisha pembe ndogo ya bati yenye tundu, na waya uingie humo.

Tazama jinsi amri isafirivyo. Ukivuta uzi wa nyuma, kiwiko huzunguka, na mguu wake husukuma waya kwenda mkiani. Waya husukuma pembe iliyo chini ya usukani, na ukingo wa usukani huinuka. Hewa ipitayo hugonga usukani ulioinuka, huukandamiza mkia, na pua hupanda. Ukivuta uzi wa mbele mambo hugeuka. Jaribu mara ishirini mezani kabla ya kutoka nje. Kama kuna mahali panapokwama pia mezani, angani patakwama zaidi, kwa maana hapo nyuzi zimekazwa.

Mpini wetu ni fimbo ya mwanzi ya mita 1. Kwenye ncha yake funga kijiti cha sentimita 10 kilichosimama wima, ili vifanye msalaba. Uzi wa nyuma uufunge juu ya kijiti, na wa mbele chini yake. Nyuzi ziwe na mita 2, tena zilingane sawasawa: fimbo ikiwa imelala, usukani nao ulale. Ukiinua ncha ya fimbo, kijiti hulala nyuma, uzi wa juu huvutwa, na ndege hupanda. Ukiishusha, ndege hushuka.

Kabla ya kurusha, pima mizani. Iegemeze ndege juu ya ncha za vidole viwili, chini ya mabawa, sentimita 2 na nusu nyuma ya ukingo wa mbele. Yapasa ilale sawa, au pua iiname kidogo. Mkia ukianguka, ongeza udongo wa mfinyanzi puani, hata kama waona uchungu kuongeza uzito. Vitanzi vya nyuzi viwe nyuma ya mahali hapo pa mizani kwa upana wa kidole. Ndege nzima isizidi gramu 100. Mwenye duka hatakukatalia mizani yake kwa dakika moja.

Nilipolifundisha somo hili, mvulana mmoja aliyekuwa na mikono hodari kuliko wote alikataa kuweka udongo puani, akisema utaiharibu sura ya ndege yake. Alikuwa amefanya kazi majuma matatu. Ndege iliruka vizuri nusu ya duara, ikainua pua kwa ghafula, ikasimama hewani, nyuzi zikalegea, ikaanguka kwa mkia na bawa likavunjika. Siku ile ile binti wa mvuvi, ambaye bawa lake lilikuwa na viraka, alirusha mizunguko kumi. Upepo ulipoisukuma ndege yake ndani, alirudi nyuma hatua mbili upesi, na nyuzi zikanyooka tena. Hakuna aliyemfundisha jambo hilo. Aliwahi kuvuta mshipi mtumbwini. Yule mvulana alimwazima udongo, naye akaanza bawa jipya.

Chagua asubuhi tulivu. Tangu Mei hata Agosti upepo wa kusi, ambao wavuvi wengi wa ziwa huuita mwera, huvuma kwa nguvu, na mchana haufai kabisa. Hata upepo mdogo una desturi yake: upande uendako upepo, huisukuma ndege nje na nyuzi hukazana, upande utokako, huisukuma kwako. Basi mwenzako aishike ndege upande uendako upepo, akimbie hatua chache pamoja nawe, aiachie bila kuitupa. Ncha ya fimbo na itangulie ndege siku zote, kwa maana uivute mbele, si kando tu. Tazama ndege, usitazame nyumba wala miti, usije ukashikwa na kizunguzungu. Mizunguko ya kwanza iwe sawa na kimo cha bega. Ndipo ujaribu kupanda na kushuka polepole kama wimbi. Watu wa Mbinga wazungushe kwa haraka zaidi kidogo kuliko wenzao wa Mbamba Bay. Ziwa liko karibu mita 470 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Mbinga uko juu zaidi ya mita 1,200. Hewa ya huko ni nyepesi, hulibeba bawa kwa shida.

Kwa habari ya hatari sitafanya mzaha. Usirushe kamwe karibu na nyaya za umeme, wala radi inaposikika, wala kwa nyuzi za waya. Mshipi wenyewe ukilowa hupitisha umeme. Ndege ikinasa kwenye nyaya, iache huko. Watazamaji wakae mbali na duara kwa hatua kumi, na watoto wadogo washikwe mkono.

Maswali

1. Toka kifuani pako hata ndege ni mita 3 na nusu. Ndege yazunguka mara moja kwa sekunde 3. Yakimbia mita ngapi kwa sekunde?

2. Mwanafunzi amegundisha pembe ya bati juu ya usukani badala ya chini. Akiinua ncha ya fimbo, ndege itafanya nini?

3. Kwa nini uzito huwekwa kwenye bawa la kulia, na si la kushoto?

4. Upepo watoka ziwani kuelekea milimani. Chora duara, na utie alama mahali ambapo nyuzi zaweza kulegea.