Alama ya Biashara na Mnada wa Maneno katika Intaneti

Alama ya biashara humwambia mnunuzi jambo moja kubwa: bidhaa hii imetoka kwa nani. Siku hizi wanunuzi wengi hutafuta bidhaa kwenye intaneti kabla ya kufika dukani, na hapo limezuka swali la sheria. Je, mfanyabiashara aweza kununua jina la mshindani wake, ili tangazo lake litokee kila jina hilo linapotafutwa?

Mnada huendeshwaje?

Tuchukue mfano wa kubuni. Fundi mmoja wa Kipawa, Dar es Salaam, anatengeneza majiko ya mkaa yenye alama ya "Chiriku". Mtu anapoandika neno hilo katika mtambo wa kutafutia kama Google, mnada hufanyika kwa muda usiofikia sekunde moja. Kila mtangazaji amekwisha kutaja bei ya juu aliyo tayari kulipa tangazo lake linapobonyezwa. Ikiwa fundi ametaja shilingi 300 na mshindani 500, na matangazo yao yana ubora sawa, mshindani atakaa juu. Wala hatalipa 500, bali kiasi kinachozidi 300 kidogo tu. Hivyo fundi hujikuta akishindania jina alilolijenga mwenyewe.

Sheria yasemaje?

Katika Tanzania Bara, Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986 humpa mwenye alama iliyosajiliwa haki ya pekee ya kuitumia kwa bidhaa alizoisajilia. Msajili ni BRELA; usajili hudumu miaka 7, kisha huweza kuhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Kwa kuwa sheria hiyo ilitangulia minada ya namna hii, yafaa tutazame hukumu za kwingine, ingawa haziwafungi majaji wetu.

Mwezi Machi 2010, katika shauri la Google na Louis Vuitton, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba Google, kwa kuuza neno tu, haikuwa inaitumia alama hiyo yenyewe. Mtangazaji, hata hivyo, aweza kuzuiwa iwapo tangazo lake linamfanya mtu mwenye uangalifu wa kawaida ashindwe, au apate taabu, kutambua bidhaa imetoka kwa nani.

Mwaka 2016, Mahakama ya Juu ya Rufani ya Afrika Kusini ilitupa rufani ya kampuni ya uzio ya Cochrane dhidi ya M-Systems, iliyokuwa imenunua neno "ClearVu". Neno hilo halikuonekana ndani ya tangazo, wala mnunuzi hakudanganywa. Yafaa ikumbukwe kuwa kesi hiyo haikutegemea alama iliyosajiliwa.

Kanuni inayojitokeza ni hii: kununua neno kwa siri ya mnada si kosa kwa lenyewe; kosa ni kumpotosha mnunuzi. Kwa hiyo mshindani akiandika "Majiko bora, fundi mwingine", fundi wetu ana hoja dhaifu. Akiandika "Majiko Chiriku halisi", hoja yake ni nzito, hasa akiwa amesajili alama. Fundi asiyesajili hana budi kwanza kuthibitisha kwamba wanunuzi wanalijua jina hilo kuwa lake, kazi iliyo ngumu na ya gharama.

Maswali

1. Kwa nini mshindi wa mnada halipi bei yote aliyoitaja?
2. Tunga tangazo moja halali na moja la kupotosha kwa neno "Chiriku", kisha eleza tofauti yake.
3. Jadili: ni nani anayefaidika zaidi na mnada huu, mnunuzi, fundi, au mwenye mtambo?