Wilaya siyo halmashauri

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani, Mikindani. Kikundi chetu cha vijana kiliomba mkopo, barua ikarudi. Tulikuwa tumeipeleka halmashauri ya wilaya, kumbe Mikindani iko chini ya manispaa. Awamu ile ikatupita.

Kosa lilikuwa letu, ila mipaka nayo inachanganya. Enzi za Mwingereza kulikuwa na Wilaya ya Mikindani. Leo jina hilo limebaki ubavuni mwa Mtwara. Mwaka 1971 Lindi ikawa mkoa wa peke yake. Baadaye Newala ikazaa Tandahimba, Masasi ikazaa Nanyumbu. Sasa Mkoa wa Mtwara una wilaya 5, lakini halmashauri 9. Wilaya ya Mtwara pekee ina 3: Manispaa ya Mtwara-Mikindani, Mji Nanyamba na Halmashauri ya Wilaya.

Tushike hili: Mkuu wa Wilaya huteuliwa na Rais. Halmashauri ina madiwani tunaowachagua, na ndiyo inayotenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu.

Kwa hiyo, ndugu msomi, kabla hujaandika barua jiulize: diwani wangu anaingia baraza la halmashauri gani? Peleka huko.